Miti Iliyopandwa na Ndege: Tunamuaga Luhende

Basi wakubwa wa mjini wakapiga simu: ndege ya nani hiyo? Nani kaipa ruhusa ipite juu ya mlima kumwaga mbegu? Kisa Luhende kaandika kwenye ripoti, "Miti mia tatu imepandwa na ndege." Akawaambia ni ndege wa manyoya, hondohondo na ninga. Wapi! Wiki nzima tunaulizwa jina la rubani. Andika hiyo kwenye hotuba ya kumuaga, Winnie, watu wacheke.

Enhe, ulitaka miaka yake ya kazi. Miaka thelathini na nne hapa kitalu cha miti Nyegezi, anastaafu leo Ijumaa. Mimi nachemsha chai hapa mwaka wa ishirini huu, na nasema kweli, amenichosha. Chujio langu la chai kalichukua mara tatu, anaoshea mavi ya ndege! Anayaokota chini ya mkuyu, anaosha, anatoa mbegu. Nikifoka, ananiambia, "Mama Kija, mbegu iliyopita tumboni mwa ndege inaota upesi kuliko ya kuchuma." Sikusoma, lakini kubisha najua. Tukapanda vikopo viwili, changu na chake. Chake kikaota. Changu, cha mbegu za kuchuma, nilikimwagilia mpaka nikaona aibu.

Ule mlima ulikuwa mawe matupu, mbuzi hapati kivuli. Sasa una mikuyu, na hakuna mtu aliyeipanda kule. Ndege wanakula huku, wanaenda kunya kule kwenye nyufa za mawe. Na kwenye nguo zangu! Kitenge changu cha kanisani, nimekianika Jumamosi, kina madoa mpaka leo. Luhende anawatetea. Eti hawakukusudia.

Sasa huyu mkuu wetu mpya, tangu wiki jana anataka mkuyu ukatwe, ndege wanachafua gari lake. Baba, si usogeze gari? Mkuyu ukienda watakula wapi? Watahama, na mlima nao basi. Luhende kaandika barua mbili, hajajibiwa. Ndiyo maana nataka hii isomwe mbele ya mkuu, kwa sauti, kabla ya pilau.

Weka na shukrani, maana huyu mzee... Nani ananiita? Sema, Masalu. Wenye msumeno wamefika? Na Luhende je? Juu? Miaka sitini, na suti ya kuagiwa, kapanda mkuyu hataki kushuka!

Winnie, malizia mwenyewe. Mtakie maisha mema, Mungu amshikilie na hilo tawi. Epua sufuria. Mimi naenda kukaa pale kwenye shina, waanze na mimi.