Asubuhi Inakataa, Mchana Inakubali

Kijiwe cha Mama Sikujua, pale barabara ya Nyanza-Lac inapoliacha soko la Rumonge, hakina benchi la mbao. Watu wanakalia kiti cha nyuma cha gari yake mwenyewe, kile alichokitoa mwaka juzi ili bidoni, yale madumu ya mawese ya wanawake wa kijiji cha Kizuka, zipate nafasi. Kiti kimepasuka mahali pawili, sponji inachungulia, lakini kinabeba watu wale wale watatu kila siku ya Mungu: Diploma, Radio na Muzee Ndiyo-Hapana. Mbele yao birika la kahawa liko juu ya makaa, na hatua tano kutoka hapo gari yenyewe, otomatiki, imenyanyuliwa juu ya magogo ya michikichi. Asubuhi ya Ijumaa hiyo, mwenye kijiwe alionekana miguu tu, imetokeza chini ya gari, ndala moja ya buluu, nyingine ya kijani. Jina lake Kulthumu, lakini tangu azae Sikujua hakuna aliyemwita hivyo ila Faridi, mume wake, na Faridi sasa yuko chini ya udongo.

— Mama Sikujua! Kahawa iko inachemka! aliita Radio. Huyo ni Yonasi, ambaye habari zote humfikia kabla hazijatokea.

— Jimiminieni wenyewe. Mikono yangu iko na kazi.

— Kazi gani, shemeji? alisema Diploma. Kuosha maiti?

Diploma ndiye Shabani, mdogo wa marehemu. Alikaa miezi mitatu shule ya ufundi Bujumbura akarudi na jina hilo. Karatasi yenyewe haijaonwa na mtu. Yeye ndiye aliyetangaza kwamba gari imekufa. Yeye ndiye aliyemtafuta mnunuzi wa vyuma vikuukuu, na wakubwa wa ukoo wakakata neno: ikifika Ijumaa asubuhi gari haijatembea, kamioni iikokote. Mama Sikujua hakuulizwa. Aliambiwa.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Asubuhi ukitia D, herufi ya kwenda, injini inanguruma na gari inasimama, kama punda aliyetukaniwa mama yake. Jua likipanda inaanza kutikisika. Saa sita inaenda kana kwamba haikukosa kitu. Wiki tatu, hivyo hivyo.

— Nimeisha waambia, alisema Diploma. Buate, hii giaboksi ya otomatiki, haifunguliwi nyumbani kama sufuria. Inataka ordinateri, kompyuta ya kuisoma. Hii gari ni ya Japoni, na saa yake ya ndani iko bado ya Japoni. Asubuhi yetu, kule ni usiku. Nani anafanya kazi usiku?

— Walinzi, alisema Muzee.

— Gari si mulinzi, Muzee Amissi!

— Ndiyo, alisema Muzee. Akanywa funda. Hapana. Iko inalinda nyumba wiki tatu sasa.

Radio alicheka mpaka kahawa ikamwagikia goti.

— Mimi nasema ni ziwa, alisema akijifuta. Usiku upepo wa Kongo unavuka maji, unaingia mu ekzosi, gari inapata mafua. Hata ndagala wavuni asubuhi wanakuwa wazito.

— Ndagala na gari wapi na wapi? alisema Diploma.

— Wote wanapita barabara moja kwenda Bujumbura! Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Sasa ile ni ndefu, kwa hiyo mimi nasema kweli.

Chini ya gari Mama Sikujua aliendelea na kazi. Kile chombo alichokuwa anakirudisha mahali pake Faridi alikiita ubongo wa buate: bamba la chuma jeupe, limejaa vijia kama kichuguu kilichokatwa katikati, na ndani ya vijia kuna vali ndogo zinazoteleza, springi nyembamba na gololi. Mafuta yakisukuma huku, gari inaenda. Yakisukuma kule, inarudi. Jumatano alikishusha, akakifungua juu ya kitenge, na kila kipande alichokitoa akakichorea mzunguko kwa mkaa ili kijue kwao. Miaka kumi na tisa alimshikia Faridi taa na funguo. Sauti yake alikuwa nayo bado sikioni: "Kulthumu, vali ukiiinua iteremke yenyewe. Ikihitaji kusukumwa, bado ni chafu. Irudishe kwenye esanse."

Aliosha kwa petroli siku mbili. Vali zote ziliteremka.

Radio aliinama achungulie chini ya gari.

— Yampayinka! Anaipaka vazelini! Sasa yuko anabembeleza mutoto!

— Gololi saba, ilijibu sauti kutoka chini. Kila moja ina kitanda chake. Usipoipaka vazelini inaanguka kabla hujafunga. Wewe Yonasi mama yako alikupaka, na bado ulianguka.

Hata Muzee alicheka, naye huwa hacheki kabla ya kikombe cha pili. Halafu akaacha, akaweka kikombe chini taratibu.

— Mukitaka ukweli, alisema, gari iko inamungoja Faridi. Yeye ndiye alikuwa anaiwasha asubuhi. Inamungoja, inamungoja, mchana inakata tamaa, inaenda na yeyote.

Funguo chini ya gari ilisimama. Halafu ikaanza tena kukaza, kwa nguvu zaidi.

— Ndiyo hivyo! alidaka Diploma. Gari ya marehemu iende na marehemu. Na mwanamke kufungua otomatiki juu ya kitenge! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Si umeona? Ametandaza chuma kwenye nguo, chuma itamula.

Mama Sikujua alijivuta akatoka, mafuta hadi kwenye viwiko. Alikaa pale kwenye jamvi, akamgeukia shemeji yake.

— Umesema vizuri, Shabani. Ki nguoni mwako.

Kwa maana alijua. Kando ya sukari palikuwa na kopo la maziwa lililofunikwa kwa sahani, na ndani ya kopo hilo aliweka alichokikuta Jumatano. Mafuta ya otomatiki ni mekundu, lakini ni mepesi na yananuka dawa. Yeye alikuta uji mzito wa rangi ya machungwa, umeziba vijia na kuzishika vali kama ubuyu unavyoshika meno. Hakuhitaji ordinateri. Bibi yake wa Kizuka alimpa kijiko cha kukorogea akiwa na miaka sita, akamwambia: "Mawese hayajui kudanganya, mjukuu wangu. Penye joto yanatiririka, penye baridi yanaganda. Ukitaka kuyajua, yangoje asubuhi."

Na alikumbuka sauti nyingine, ya wiki tatu nyuma, siku Shabani aliporudisha gari aliyoiazima kwenda Nyanza-Lac: "Jiwe limeigonga chini, shemeji, mafuta yamevuja kidogo. Nimeziba, nimeongeza. Mekundu kabisa, usiogope."

Mekundu kabisa. Hakumwambia mtu. Angesema Jumatano, ukoo ungesema mjane anamsingizia ndugu wa mume. Aliitaka gari iseme yenyewe.

Alishusha gari kwa kriki ya kuinulia, gogo moja baada ya jingine. Alimimina mafuta mapya, mepesi, hadi alama ya kijiti. Ilikuwa saa mbili na nusu, na jua lilikuwa bado halijavuka paa la msikiti. Ndipo kamioni ikasimama barabarani, akateremka mtu mnene mwenye minyororo begani.

— Amahoro. Mimi Lameki, wa vyuma. Wamesema hapa kuna maiti.

— Karibu sana! Diploma aliruka juu. Iko hii, kokota tu!

— Kwanza kahawa, ndugu yangu. Niko njiani tangu alfajiri. Sukari iko wapi?

Akaweka minyororo chini, akajimiminia kikombe, akafunua kopo. Akachungulia. Akachovya kidole, akanusa, akakisugua kwa kidole gumba, na unga wa chuma ukametameta kwenye mwanga.

— Hii si sukari.

— Imetoka kwenye buate ya gari hiyo, alisema Mama Sikujua.

Lameki aliitazama gari, akalitazama kopo, akawatazama watatu waliokuwa kwenye kiti.

— Nani alitia mawese mu buate?

Swali dogo, la mtu mwenye kiu. Radio, ambaye habari zote humfikia, hiyo haikuwa imemfikia. Muzee alijisogeza mbali na Diploma. Diploma alikaa tena. Alikiinua kikombe chake akanywa, na kikombe hakikuwa na kitu. Akalishika birika akaliinamisha, likatoa tone moja na machicha.

— Kahawa imeisha, alisema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Mama Sikujua aliingia garini. Aliwasha. Faridi alimfundisha herufi zile kwa njia yake, mkewe ambaye hakukaa darasani hata siku moja: P, pumzika. R, rudi. N, ngoja. D, daima mbele. Alianza na R, ile iliyokuwa inakataa zaidi. Gari ilirudi nyuma polepole, ikayaacha magogo. Akauvuta mkono wa gia hadi D. Ilishtuka kidogo kama mtu aliyeamshwa, kisha ikaenda, asubuhi ile ile, umande bado uko kwenye kioo, ikapita mbele ya kijiwe, ikapita pua ya kamioni, ikazunguka na kurudi kusimama mbele ya kiti.

Lameki alirudisha minyororo yake begani.

— Mimi nanunua maiti, alimwambia Diploma. Hii inatembea. Mama, murakoze kwa kahawa.

Mama Sikujua aliteremka, akaufungua mlango wa nyuma, akaifuta mikono yake kwenye kitenge chenye mizunguko ya mkaa.

— Simameni.

Walisimama.

— Leo Kizuka wanataka nibebe na watu, si bidoni tu. Kiti changu kinarudi kwao garini. Shabani, shika upande ule.

Shabani alishika. Walikiinua, wakakiingiza, akakaza skurubu zake moja baada ya nyingine bila kuinua macho. Pale kiti kilipokuwa palibaki majani ya njano, vifuu viwili na kijiko kilichopotea tangu masika.

— Sasa, shemeji, aliuliza kwa sauti ya chini, sisi tutakalia nini?

Mama Sikujua alikuwa ameisha kaa mbele ya usukani. Aliitia D.

— Kalieni diploma.