Mama Itarudi, Fundi Aliyekunja Bila Kukata

Alasiri ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, marehemu aliketi kwenye kiti chake kilichoko kati ya cherehani na dirisha la barabarani, suruali ya harusi ya mume wake ikiwa mapajani, akafumua kwa wembe mishono ya mguu wa kushoto, mishono aliyoipiga mwenyewe miaka arobaini iliyopita, kisha akamwita mume wake amtungie uzi, kwa sababu macho yake yalikuwa yamegoma kuona tundu la sindano kwa miaka mingi sasa.

"Kahawia, Baba. Na usiulambe. Mkutubi mzima analamba uzi kama mtoto wa darasa la kwanza."

Mume wake aliulamba, kama alivyoulamba siku zote, akautunga, akasimama akiangalia. Suruali ile ilipokuwa mpya ilikuwa bugaluu, pana kuanzia magotini kwenda chini, na mwaka 1984 mkewe aliipunguza kwa amri yake. Sasa kitambaa kilikuwa kinatoka ndani ya mshono kikiwa na rangi yake ya zamani, kahawia iliyokolea, na pembeni yake kile kilichoona jua na maji kikiwa kimepauka, hata mguu ukaonekana kama umewekewa utepe wa makusudi.

"Si uliniambia umekata?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unapiga kelele, ningefanyaje?"

"Mzee wa miaka sabini na tatu na bugaluu, watu watasema nimeanza kuchanganyikiwa."

"Watasema umependeza. Mguu mmoja tayari, wa pili kesho. Utavaa au huvai?"

Mume wake alijibu, "Tutaona," akaenda jikoni kuzima jiko, maana birika lilikuwa limeanza kufoka.

Huyo ndiye marehemu wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi, na wateja wa zamani mlimwita Mama Itarudi. Historia yake imeandikwa na mume wake, na inasomwa mbele yenu na binti yao wa kwanza, kwa kuwa mwandishi hana hakika kama sauti yake ingefika mwisho.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1953, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba mwashi na mama mkulima. Alianza shule ya msingi Januari 1961 akiwa na gauni moja la shule, ambalo mama yake alilishona likiwa na upindo mpana kuliko kiganja, na kila mwaka mpya ulipoanza mama aliufumua upindo kidogo, akaushusha, akaushona upya, hivyo mtoto akawa anatembea na mistari ya miaka iliyopita kwenye sketi yake, na wenzake wakimhesabu umri kwa kuitazama. Alipomaliza shule Desemba 1967 mistari ilikuwa sita. Alilia sana kwa ajili ya gauni lile, naye mwenyewe alisema hivyo, lakini pia alisema kuwa ndilo lililomfundisha kazi kabla hajakutana na mwalimu yeyote.

Mwaka 1968 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea ushonaji kwa miaka miwili, akafaulu vizuri. Ripoti yake ya mwisho, ambayo bado ipo kwenye droo ya cherehani, ina alama za juu katika kila somo, na chini yake mwalimu ameandika kwa wino mwekundu, "Anapoteza kitambaa." Sababu ni kwamba kila alipokata nguo aliacha vidole vinne vya ziada ndani ya mshono, wakati wenzake waliacha kimoja, na alipoulizwa alisema mwili hubadilika na mtindo hubadilika, lakini kitambaa kilichokwisha kukatwa hakiungiki. Hakuiacha tabia hiyo mpaka mwisho wake.

Januari 1970 aliajiriwa katika karakana ya kushona sare, ambako mafundi waliruhusiwa kupokea wateja wa nje siku ya Jumamosi. Jumamosi moja ya Agosti 1975 aliingia mwanafunzi wa chuo kikuu, mwembamba, mwenye nywele za afro zilizochanwa hadi kufanana na kofia, akitaka suruali yenye upana wa inchi kumi na nne chini. Fundi alimpima, akaandika, akamtazama miguuni.

"Kaka, na hii utavaa kwenda masomoni, au unaenda kufagia barabara?"

"Wewe shona tu, dada. Huu ndio wakati wake."

"Wakati wake utapita. Halafu utarudi. Wewe sijui kama utarudi."

Mwanafunzi yule alirudi Jumamosi iliyofuata, na Jumamosi nyingine tatu ambazo hakuwa na nguo ya kushonwa. Tarehe 11 Desemba 1976 walifunga ndoa, bwana harusi akiwa ndani ya suti ya kahawia yenye kola pana na bugaluu la inchi kumi na nne, bibi harusi akiwa na gauni jeupe lenye mikono iliyofura mabegani, vyote viwili kazi ya mikono yake, na picha yao ndiyo ile iliyoko ukutani sebuleni, ambayo kwa miaka mingi watoto wao waliona aibu kuionyesha kwa marafiki zao.

Mwaka 1978 marehemu aliacha karakana, akafungua chumba chake nyuma ya soko, akagawana nafasi na mdogo wake ambaye ni msusi, pazia likiwa katikati, upande huu mkasi na upande ule chanuo. Ndani ya chumba hicho, kwa miaka arobaini na sita, waliyaona mengi yakienda na kurudi. Waliona sketi fupi zikirefuka mpaka zikafagia sakafu, wakaona afro zikikatwa na kalikiti zikaingia, zile nywele za mawimbi zenye kudondosha mafuta, na hapo marehemu akabuni kola za kubandua, zenye vishikizo, ili mteja afue kola peke yake bila kufua gauni zima, jambo lililomletea wateja wengi kuliko tangazo lolote. Waliona mabega ya sponji yakipanda mpaka mlango ukawa mwembamba. Waliona nywele za uzi, ambazo bibi zao walisuka, zikichekwa kwamba ni za kishamba, na mwaka 2018 wasichana waliosoma wakaanza kupanga foleni upande wa pazia wa mdogo wake wakizitaka hizohizo, na kuzilipia zaidi.

Nguo za mitumba zilipojaa sokoni miaka ya tisini, mafundi wengi wa mtaa ule walifunga milango. Marehemu hakufunga. Alibandika karatasi mlangoni iliyoandikwa "Napunguza, Naongeza," na kila mteja aliyetaka nguo yake ya zamani ikatwe ipatane na wakati alipewa jibu moja, kwamba hapa hatukati, tunakunja, kwa maana itarudi. Hapo ndipo jina la Mama Itarudi lilipozaliwa. Mwanzoni lilikuwa la utani, baadaye likawa la heshima, na leo wapo waombolezaji hapa wenye nguo zilizokunjwa na mkono wake ambazo hawajazifumua bado.

Mume wake hakuwa mteja rahisi. Mwaka 1984 aliteuliwa kuwa mkuu wa maktaba, na vijana wa kaunta wakawa wanamwita Bendera kwa jinsi suruali ile ilivyopepea akipita kati ya rafu. Alirudi nyumbani akaitupa juu ya cherehani, akasema ikatwe, ikatwe kabisa, hataki kuona hata kipande. Marehemu alimjibu kuwa itarudi, naye akasema maneno ambayo leo ameomba yaandikwe kama alivyoyasema, kwamba yeye ni mtu aliyesoma, hawezi kuishi kwa kusubiri upuuzi urudi. Jioni ile marehemu alimwonyesha vipande vya kitambaa cha kahawia kwenye kapu la takataka. Vilikuwa vya sare ya mtu mwingine.

Alipostaafu mwaka 2011, mume wake alitaka kumsaidia. Marehemu alikuwa na karatasi za kukatia mia nne na kumi na mbili, alizozikata kutoka kwenye mifuko ya saruji ambayo baba yake alimletea, na baadaye kutoka popote, zikiwa zimeviringishwa na kusimamishwa kwenye pipa bila mpangilio unaoonekana kwa macho. Mume wake alitumia wiki tatu kuzipanga kwa miaka, kila mwaka na jalada lake, kila jalada na namba yake, kama alivyozoea kazini. Wiki iliyofuata akaja bibi harusi anayetaka mikono iliyofura, na marehemu hakuipata karatasi yake kwa siku mbili.

"Iko wapi mikono yangu?"

"Ya mwaka gani?"

"Baba, nguo haijui mwaka wake! Mikono ni mikono."

Ilipatikana kwenye jalada la 1976. Mdogo wake alicheka nyuma ya pazia mpaka akaacha kusuka, akasema, "Shemeji, hata nywele tuzipange? Nianze na zako, hazizidi jalada moja." Karatasi zilirudishwa kwenye pipa zote, na mume wake akapewa kazi ya kutunga uzi, ambayo ameifanya kwa miaka kumi na mitatu.

Marehemu na mume wake walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa mwaka 1978 ambaye ni mwalimu, kijana aliyezaliwa mwaka 1981 ambaye ni fundi umeme, na binti mdogo aliyezaliwa mwaka 1986 ambaye ni mhasibu, pamoja na wajukuu watano.

Kuhusu ugonjwa wake, marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu mwaka 2009, na mwaka 2021 ikaonekana kuwa moyo umetanuka. Tarehe 5 Agosti mwaka huu alilazwa kwa siku tisa, na alipotoka daktari alimkataza kukanyaga cherehani, hivyo akawa anashona kwa mkono, karibu na dirisha, kazi ndogondogo. Mwezi Septemba mjukuu wake mkubwa, mwanafunzi wa chuo, alisimama mbele ya picha ya ukutani akapiga kelele.

"Babu! Suruali hii iko wapi? Sasa hivi ndiyo inavaliwa!"

Kutoka chumba cha kushonea ikasikika sauti, "Nilisema!" Mjukuu akapanga kwamba tarehe 11 Desemba, siku ya ndoa yao, atawapiga picha upya wakiwa wamesimama vilevile. Marehemu alitoa gauni lake sandukuni, akalikuta linamtosha baada ya kufumua vidole viwili kila upande. Kilichobaki ilikuwa suruali, na neno la mwenye suruali. Alimwuliza mara nyingi mwezi ule, na kila mara alipata jibu lile mlilolisikia mwanzoni.

Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, mdogo wake alikuja nyumbani kumsuka. Marehemu alitaka twende kilioni, ule msuko rahisi wa mistari inayorudi nyuma, uliopata jina lake kwa kuwa husukwa haraka mtu akipata habari za msiba.

"Dada, kwani nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nataka cha haraka, nina mguu wa suruali unanisubiri."

Mstari wa mwisho ulipofungwa alisema kifua kinambana. Alifikishwa hospitali saa tano na robo, na pamoja na juhudi zote za madaktari, alifariki dunia saa nane na dakika ishirini mchana, akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Msuko ule ndio alionao sasa, na gauni alilovaa ni lile la mikono iliyofura.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, ambao walimruhusu kuwa na sindano kitandani ingawa sheria hairuhusu, inawashukuru majirani waliotoa gari bila kuuliza mafuta, mafundi wenzake wa nyuma ya soko waliofunga vyumba vyao leo, wafanyakazi wa maktaba, na kwa namna ya pekee mdogo wake, ambaye mikono yake ndiyo ya mwisho kumgusa akiwa anacheka.

Limebaki jambo moja. Alhamisi, tarehe 10 Oktoba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mume wake aliketi kwenye kiti kilichoko kati ya cherehani na dirisha, akachukua wembe, akaanza kufumua mguu wa kulia. Kazi ambayo mkewe angeimaliza kwa dakika ishirini ilimchukua mpaka saa tatu, kwa kuwa mishono ilikuwa midogo na imara na hakutaka kuharibu kitambaa, ingawa alikitoboa mahali pamoja chini ya goti, na binti yake alipotaka kuparekebisha alikataa. Kitambaa kilitoka chote, inchi kumi na nne, hakuna hata uzi mmoja uliokatwa mwaka 1984. Akatunga sindano mwenyewe, bila kulamba, jaribio la saba likakubali, akashona upindo, na upindo huo umekwenda upande kama mnavyouona, kwa sababu suruali ameivaa, amesimama nayo hapa mbele yenu.

Mguu wa pili umekwisha, Fundi. Pumzika kwa amani.