Betri ya Sanduku la Mnarani

Assalamu alaykum. Kwa niaba ya familia, mimi Msabah, mdogo wa marehemu, nasoma maisha ya kaka yetu Himid Ame Jaku, aliyezaliwa hapa Fukuchani tarehe 14 Machi 1981, akasoma hapa hapa hadi 1997, kisha akaenda kujifunza ufundi wa mawasiliano mjini, akikaa kwa shangazi yetu mtaa wa Malindi.

Mwaka 2006 aliajiriwa kuwa fundi wa minara ya simu, na tarehe 9 Februari 2008 akamuoa Bi Mayasa, wakajaaliwa Nassra na Haitham.

Kazi aliyoipenda kuliko zote aliimaliza Juni 2023, alipofunga chini ya mnara wetu sanduku lenye kompyuta, ili vipimo vya moyo kutoka kituo cha afya visomwe palepale kwa dakika moja, badala ya kutumwa hadi mjini na bara na kungojewa jibu, akaweka na betri ya kuliwasha umeme ukikatika, ufunguo akanipa mimi, akaniambia mbele ya mkewe nisiiguse betri ile hata kwa harusi yake ya pili, tukacheka sote.

Jana, Alkhamisi tarehe 18 Septemba 2025, umeme ulikatika, maulidi ya madrasa yalikuwa yanaanza saa kumi alasiri, spika hazina moto, nami nikasema nusu saa haimuui mtu, nikaichukua betri ya sanduku kuziwasha.

Kaka, aliyekuwa na shinikizo la damu tangu 2022, alibanwa na kifua maulidini hapo hapo, muuguzi wetu Bi Riyama akamfunga nyaya za kipimo, sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda anayo mkononi, lakini haruhusiwi kuidunga bila jibu, na kaka akauliza mbona sanduku halijibu. Nilikimbia kuirudisha betri, kwa pupa nikageuza nyaya, chanya kwa hasi, fyuzi ya sanduku ikaungua. Kipimo kikaenda mjini kwa mtandao unaojikokota, jibu likaja baada ya dakika hamsini, naye keshafariki.

Mayasa, sikuwa nimekwambia. Wanangu, nisameheni mkiweza, mimi nimeshindwa kujisamehe.

Tunawashukuru Bi Riyama, daktari aliyejibu, majirani waliochimba kaburi, na mafundi wenzake walioleta fyuzi leo asubuhi.

Ufunguo nimemkabidhi Bi Riyama. Lala kwa amani, kaka Himid, sanduku lako linawaka.