Jua la Ncha ya Ubwari

Benchi letu liko pembeni mwa barabara ya Baraka, pale malori ya pamba yanapogeukia kwenda Fizi. Mimi Suzanne ndiye mwenye birika, jiko na vikombe, kwa hiyo ndiye mwenye kijiwe, ingawa wanaume wanaokikalia wakisikia hivyo hucheka. Benchi lenyewe alilitengeneza Alphonse kwa mbao za mtumbwi wake, aliouvunja kwa shoka mwaka juzi bila kumwambia mtu sababu, nasi hatukumuuliza maana sababu tuliijua. Asubuhi ile nafasi yake mwisho wa benchi ilikuwa wazi, na hakuna aliyethubutu kuiwekea hata kofia. Alphonse alikuwa amekamatwa alfajiri, kwa kosa la kulitazama jua.

Kwa asiyetujua, nieleze. Jua la kwetu huchomoza ng'ambo ya ghuba, nyuma ya milima ya Ubwari, na kila siku linasogea kidogo. Kiangazi kikikolea, mwezi wa sita, linafika kwenye ncha, mlima unaisha, nalo linatoka majini moja kwa moja. Hapo linakaa siku chache kama mgeni aliyesahau kuaga, kisha linarudi njia yake. Watu wa benchi langu wana desturi yao asubuhi hiyo. Wanakaa mchangani, wameielekea ncha, kimya. Hakuna kunyanyuka mpaka jua lote limetoka. Likishatoka, kila mmoja anasema kwa sauti kitu kimoja alichokibeba moyoni mwaka mzima, na kazi ya wengine ni kusikia tu. Hapana kujibu, hapana kupeana pole. Wakimaliza wananawa uso ziwani, wanakuja kwangu kunywa kahawa.

Hayo ndiyo yote. Lakini mwaka huu tulikuwa na agent mpya wa serikali, kijana wa Kibelgiji aliyejazwa kichwani habari za Kitawala, dini ile waliyoikataza, ambayo mtu akishikwa nayo anapelekwa mikoa ya mbali na kurudi ni majaliwa. Akapita na kamioneti yake alfajiri, akaona watu wamekaa mbele ya jua kama kanisani. Akawateremsha polisi. Polisi walipofika mchangani walimkuta mmoja.

Walimkuta mmoja kwa sababu watatu walikuwa wamekwisha kufika kwangu, wakihema, wakaagiza kahawa kana kwamba wametoka vitandani mwao.

Baadaye askari alipita sokoni akatangaza: anayejua ule mkutano ulikuwa wa nini, aende bureau ya agent kule Fizi aeleze kabla haijafungwa. Asipotokea mtu, Alphonse anapelekwa. Na lori la pamba la kwenda Fizi lilikuwa linapakia pale pale mbele yetu, marobota yakirushwa moja baada ya jingine, na dereva wake ni mtu asiyemkatalia mtu nafasi.

Basi wakaanza kutafuta njia ya kumwokoa Alphonse wakiwa wamekaa.

Wa kwanza alikuwa Isidore, tunayemwita Avocat, yaani wakili. Alifagia chumba cha tribinali kule Uvira miaka mingi, na sheria zote zilimwingia kupitia ufagio.

— Tusipeleke mbio, alisema. Sheria inasema mukutano iko batu bengi. Alphonse banamukuta yee moja. Mutu moja haiko mukutano.

— Kwa hiyo? nikamuuliza.

— Kwa hiyo siye tukienda Fizi, tunakuwa batu bane. Apo njo tunatengeneza mukutano. Mwenye anamupenda Alphonse abakie apa.

Akanywa funda moja, akaongeza kwamba umoja ni nguvu, ndiyo maana tubaki benchini pamoja. Nilimwangalia mtu huyu na kujiuliza methali ile imemkosea nini.

Wa pili ni Fabien, jina lake la kijiweni Boussole, yaani dira. Zamani alisugua deki ya meli ya Albertville, tangu hapo anajiona fundi wa mbingu. Alisema jambo hili si geni kwa wazungu hata kidogo.

— Bo benyewe beko nayo ile siku. Kapiteni yetu alikuwa anaingojea mwaka muzima. Kwabo Ulaya juwa inakatala kulala, banawasha mioto, banakesha.

— Basi panda lori ukamwambie agent, nikasema. Ataelewa.

Fabien alihamisha matako kwenye ubao.

— Apana, mama. Njo mubaya kabisa. Ile siku iko yabo. Ataona Alphonse amewaibia sikukuu.

Wa tatu alikuwa mzee Sebasaza, ambaye wenzake humwita Maziwa. Anateremka kutoka juu, upande wa Minembwe, na siagi yake kwenye kibuyu, na kila kiangazi anakaa kwetu mpaka siagi iishe. Yeye ni Mprotestanti, haimbi nyimbo za watu wa padri, lakini mchangani alikuwa anakaa nao. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili muda wote bila kukinywa.

— Kule kwetu iko baridi, alisema polepole. Asubuhi ngombe yote inageukia juwa. Hakuna mwenye anazishika.

— Muzuri sana, Isidore akasema. Enda ukaseme ivyo kwa bureau. We iko mugeni, batakusikia.

— Kuku mugeni hakosi kamba muguuni, Sebasaza akamjibu. Mi njo batafunga wa kwanza.

Methali ile peke yake, katika zote za asubuhi hiyo, ilikaa mahali pake. Tukasikiliza marobota yakitua ndani ya lori. Jua lilikuwa limekwisha kupanda, jeupe nyuma ya moshi wa nyasi zinazochomwa milimani, halina joto la maana.

Kisha mazungumzo yakakosa breki. Fabien aligundua kwamba agent hana shida na dini, anatafuta dhahabu. Kama iko Kilembwe, kwa nini isiwe kwenye ncha ya Ubwari? Jua likitoka pale majini maji yanang'aa, na yanayong'aa yana kitu chini. Isidore akaidaka hoja hiyo kabla haijatua: kama ni hivyo, basi Alphonse si mfungwa, ni shahidi wa dhahabu, na shahidi kisheria analala kwenye godoro na kula nyama. Tukienda tutamharibia. Kikombe cha pili kilipoisha Alphonse alikuwa amekaribia kupewa ukapita, yaani unyapara, wa mgodi. Walicheka kidogo, lakini kila kicheko kilikatika njiani, na macho yao yote yalikuwa kwenye lori. Walikuwa wanaogopa. Mimi pia niliogopa, ila hofu yangu ilikuwa imechanganyika na hasira.

— Zaidi ya yote, Isidore akahitimisha, asiyekuwepo na lake halipo. Siye hatukukuwako.

Nikaweka birika chini.

— Baba Isidore, iyi muchanga kwa suruali yako ilitoka wapi?

Akajipangusa haraka, akasema Baraka nzima ni mchanga. Lakini Fabien alikuwa ameinama, anatazama suruali yake mwenyewe, nayo imelowa mpaka magotini. Alizungumza bila kuinua kichwa.

— Mi niliona kofia ya polisi, miguu ikaenda yenyewe. Nilimwita. Nilimwambia, Alphonse, simama. Akasema, juwa haiyatoka yote.

Ni kweli. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, na jua lilikuwa limetoa ukingo tu juu ya maji. Watatu walikimbia likiwa hivyo hivyo. Alphonse alibaki kwa sababu kanuni ni kanuni, na kwa sababu nyingine ambayo hatukuijua bado.

Ndipo tulipomwona Pulchérie, mke wake, anakuja kutoka upande wa ziwa. Alikuwa amekunja blanketi la mumewe chini ya kwapa, na mkononi ameshika sahani iliyofunikwa, ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa kwetu. Dereva alimwonyesha kwa kidole mahali pa kukaa juu ya marobota. Yeye akamfanyia ishara angoje, akaja kwetu. Nilimsogezea benchi. Hakukaa. Hajawahi kukaa kwenye benchi lile hata mara moja.

— Bashemeji, munaamuka?

— Tunaamuka, shemeji, wakajibu kwa pamoja, na Isidore papo hapo akaanza kumweleza sheria ya mikutano, namna mtu mmoja asivyoweza kuwa wengi. Pulchérie alimsikiliza mpaka akaishiwa pumzi.

— Sikukuya kuuliza nani alikimbia, alisema. Ata mi ningekimbia. Polisi ni polisi.

Akahamishia sahani mkono wa pili.

— Jana mangaribi Alphonse aliniambia neno. Alisema, kesho juwa ikitoka, nitasema jina ya Marie.

Lazima niseme kuhusu Marie. Alikuwa binti yao wa pekee, mtoto wa kucheka ovyo, aliyekuwa akija hapa kulamba sukari kwenye kijiko changu. Mwaka juzi alizama kutoka kwenye mtumbwi wa baba yake, karibu na ncha ya Ubwari, mahali pale pale jua linapochomoza mwezi wa sita. Hatukupata cha kuzika. Tangu siku hiyo Alphonse hakulitamka jina lile, si nyumbani, si kanisani, na mwaka jana mchangani zamu yake ilipofika alitikisa kichwa tu na wenzake wakampita. Ndiyo maana kijiweni tulimpa jina la Kimya. Tulimwita hivyo kwa utani. Sasa naona aibu na utani wenyewe.

— Nauliza kitu moja tu, Pulchérie akasema. Juwa ilipomaliza kutoka, alisema?

Lilikuwa swali jepesi. Mtu yeyote aliyekuwa pale mchangani angelijibu kwa neno moja, ndiyo au hapana. Aliwatazama mmoja mmoja, bila ukali, kama mtu anayeulizia njia. Isidore aliinamia kikombe chake kitupu. Fabien alikuwa anakung'uta mchanga kwenye viganja vyake, mchanga ambao haukuwapo. Kazi yao ilikuwa moja tu asubuhi ile, kusikia, na mtu aliyengojewa miaka miwili aseme neno alikuwa amelisema au hakulisema, na hakukuwa na sikio. Nilishika jiko la moto bila kujua.

Dereva akapiga honi.

— Basi hakuna mwenye alimusikia, Pulchérie alisema.

Hakuwa anauliza tena. Akaweka blanketi vizuri chini ya kwapa, akavuka barabara, akampa dereva sahani amshikie, akaanza kupanda juu ya marobota.

Aliyesimama wa kwanza ni mzee Sebasaza. Alisimama taratibu, kama anavyofanya kila kitu, akaninyooshea kibuyu chake cha siagi.

— Mama Suzanne, unilindie. Kama sirudie, mukule.

— Mzee, batakushika, Isidore akamwambia. Umesema mwenyewe.

— Najua.

— Na utasema nini kwa agent?

— Nitasema nilikuwako. Ingine siijue.

Akavuka barabara. Fabien alimtazama mpaka alipoushika ubao wa lori, mguu mmoja ukitafuta pa kukanyaga, na Pulchérie akiinama kumpa mkono. Kisha naye akanyanyuka. Hakutoa nadharia yoyote. Alikimbia, safari hii upande mwingine, suruali yake mbichi ikipigapiga miguuni.

Lori likaguna, likatoa moshi, likaondoka. Tukabaki wawili, mimi na Avocat, na benchi lefu la mbao za mtumbwi. Akatazama upande wa kulia, akatazama upande wa kushoto, pande zote mbili pakiwa patupu. Akaninyooshea kikombe. Niliinamisha birika mbele ya macho yake, likatoa tone moja na mashapo.

— Kahawa inaisha, nikamwambia.

— Na bo banaenda bote. Sasa mi nitabakia peke yangu apa?

Nilimwaga maji kwenye makaa, nikangoja moshi upungue.

— Usiogope, baba Isidore. Mutu moja haiko mukutano.