Bernard Pazi na Mstari Mweupe wa Visiga

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, Bernard Raphaeli Pazi alizaliwa hapa hapa Maneromango, wilayani Kisarawe, tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa mzee Raphaeli Pazi na bibi Laurentia. Alibatizwa katika usharika huu wa Kilutheri. Bibi Laurentia, Mungu amrehemu, alikuwa akisimulia kwamba Bernard alitambaa kinyumenyume miezi kadhaa kabla hajajua kwenda mbele, na hata alipokuwa mtu mzima hakuacha kugeuka nyuma kutazama kinachokuja.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini, akaanza mwaka 1977 na kuhitimu darasa la saba mwaka 1983. Alipenda hesabu, ila jembe lilimwita mapema.

Mwaka 1986 mjomba wake alimwachia baiskeli, na hapo ndipo kazi yake ya maisha ilipoanza. Alipakia mihogo hapa, akapita Mzenga hadi Mlandizi, kisha akaifuata barabara ya Morogoro mpaka Visiga, Kibaha, alikokuwa na wateja. Mliowahi kubeba mzigo wa namna ile mnajua: baiskeli ikishajaa viroba, huwezi kusimama ghafla wala kupenya pembamba. Ukisimama, ni mpaka uwe na mti wa kuiegemeza, na kuondoka tena ni shughuli.

Visiga ndiko alikompata Marselina, aliyekuwa akiuza uji na chapati kando ya barabara. Siku ya kwanza Bernard alikunywa uji akiwa bado juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, maana akishuka mzigo ungelala. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu Marselina akamuuliza kama amezaliwa humo humo kwenye tandiko. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Septemba 1995 na kujenga Visiga. Tangu hapo, kila alipokaribia kwa mkewe alipiga kengele mara mbili, na Marselina akapakua. Wateja wakimtania kwamba mumewe anamwita kama mhudumu, alijibu, "Mwacheni, hiyo ndiyo hodi yake."

Mwezi Juni 2024 halmashauri ilitangaza mambo mawili kwenye mkutano wa mtaa: kando ya barabara itachorwa njia ya baiskeli, na mama lishe wanaoweka meza nje wataanza kulipia ushuru wa eneo. Watu walipiga makofi kwa la kwanza, wakaguna kwa la pili. Bernard alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, shikamoo. Mimi nina baiskeli, mke wangu ana meza. Mmetupa sehemu ile ile moja. Sasa nani ampishe mwenzake?"

Watu walicheka, na kijana mmoja akamwambia hayo wakayamalize chumbani. Afisa wa halmashauri alieleza kwa upole kwamba njia haitakuwa njia mpaka mgeni rasmi aje aizindue. Kwa sasa ni eneo la meza, na anayelipia aweke meza zake bila wasiwasi. Bernard aliketi, lakini hakucheka na wenzake.

Februari 2025 mstari mweupe ulichorwa, na ndani yake picha ya baiskeli isiyo na mtu. Bernard aliitazama kwa muda mrefu. Binti yake Agape alikuwa pembeni na mtoto mgongoni, akamsikia akisema, "Hii hawajaichora ikienda. Wameichora imelala." Mgeni rasmi alisubiriwa Machi, akasubiriwa Mei. Ushuru ulikusanywa kila mwezi, na Marselina alilipa kama wenzake. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla ya safari, Bernard mwenyewe alizitoa zile meza na kuzipanga ndani ya mstari. Jambo moja tu alikataa: mguu wa meza usikanyage ile picha. Marselina alimwuliza, "Baba Agape, unaogopa rangi?" Aliisogeza meza kidogo, akaondoka.

Akirudi na mzigo, alikuta meza zimejaa watu. Alipiga kengele mara mbili, akageuka nyuma, kisha akaingia kwenye lami kuzunguka. Malori yalimpita karibu mpaka vitambaa vya meza vikapepea. Wateja walizoea. Agape hakuzoea. Alikuwa akiwavuta watoto waliocheza pale karibu na ukuta kila aliposikia kengele, bila kujua ni kwa nini.

Alhamisi tarehe 7 Agosti 2025, mchana, kengele ililia mara moja. Marselina alikuwa ameshashika sahani.

Marehemu aligongwa na lori, akavunjika nyonga na mbavu. Alilazwa, na madaktari walimhangaikia kwa moyo, familia inawashukuru. Wiki ya pili mapafu yalichafuka, homa ikapanda. Alipoweza kuzungumza hakuuliza habari za dereva wala za baiskeli. Alimwuliza Agape, "Meza mmeziondoa njiani?" Akaambiwa za mama zimo ndani ya nyumba tangu siku ile. Akauliza, "Na za Hajira?" Hajira ni jirani yetu wa Visiga, mjane, mpishi mwenzake Marselina, naye meza zake zimo ndani ya mstari. Agape akamrekebishia shuka. Baba yake akageuza uso ukutani. Alifariki alfajiri ya Jumapili tarehe 24 Agosti 2025.

Jana alasiri, wenzake wa baiskeli walimbeba begani kutoka nyumbani hadi kwenye gari la kumleta huku. Waliomba wampitishe ndani ya mstari mweupe, maana hakuwahi kupita humo na baiskeli yake hata siku moja. Adrian, mwanawe, alitangulia akiikokota baiskeli ya baba yake, ambayo imeshanyooshwa na Jumatatu itapakia mihogo. Walipita pale zilipokuwa meza za Marselina, juu ya ile picha. Mbele wakakuta meza za Hajira. Wateja walisimama kwa heshima, wengine wakavua kofia. Hajira alilia kuliko sisi. Lakini ameshalipia mwezi huu, wanawe wanakula hapo, na njia haijazinduliwa. Meza zilibaki. Adrian akageuka nyuma, kisha akaingia kwenye lami, na jeneza likamfuata. Nyuma yao lori likapiga honi.

Marehemu ameacha mjane, Marselina. Watoto wawili, Agape na Adrian. Mjukuu mmoja, Monica. Na kaka yake, Gregori.

Bwana alimpa, Bwana amemwita. Apumzike kwa amani, mahali ambapo hana tena wa kumpisha.