Dakta Yunia na Jeneza Lililoachwa Wazi

Marehemu Dakta Yunia Kabugho alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Mahango, binti wa mzee Yonasani na mama Evas, wakulima wa kahawa. Tangu utoto hakuamini kitu mpaka akione. Mama yake alipomwambia kuku ameatamia, alimnyanyua kuku mwenyewe ahakikishe, akadonolewa vibaya. Kovu lilibaki kwenye kidole gumba, na alikuwa akiwaonyesha wagonjwa wake huku akicheka.

Alisoma shule ya msingi Mahango na sekondari mjini Kasese, kisha akaenda Kampala kusomea udaktari, akamaliza mwaka 1992. Wenzake walikimbilia upasuaji. Yeye alirudi darasani kusomea magonjwa ya akili, na wajomba wakanung'unika kwamba pesa za kahawa zimesomesha daktari wa vichaa. Aliwajibu kwamba basi wao watatibiwa bure.

Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na Bwana Yafesi Muhindo, mkulima wa mpunga Mubuku. Walijaliwa watoto wawili, Bright na Docus. Yafesi alijifunza mapema kutomuuliza siku yake ilikwendaje kabla hajanywa chai.

Kuanzia mwaka 1999 alihudumia familia za wanajeshi, Kasese hadi Bwera. Alipoanza, mjane alipata habari ya kifo kwa simu, au kwa afande aliyesimama mlangoni na kuondoka. Dakta Yunia alikomesha hayo. Alikwenda na maafande hao mwenyewe, mchana, majirani wakiwapo, akavua viatu na kuketi mkekani. Afande akibaki wima, alimwambia, "Afande, kaa chini. Habari ya kifo haisemwangi mutu amesimama." Kisha alirudi wiki baada ya wiki, kwa mjane asiyelala, kwa mtoto aliyeacha kusema. Watu walimwamini kwa sababu hakuwahi kuwapambia maneno.

Mwaka 2017 mume wa Vasta, mwanajeshi wa Bwera, aliletwa ndani ya jeneza lililokazwa skrubu. Baba mkwe wa Vasta alitaka lifunguliwe, kwa kuwa kwetu uso wa marehemu huangaliwa kabla ya kushushwa. Afisa aliyelileta alikuwa rafiki wa Dakta Yunia. Kaka yake afisa huyo alipofariki, Dakta ndiye aliyekaa na mama yao mpaka akaweza kula tena. Afisa alimvuta Dakta pembeni akamwambia mwili umeharibika, hautazamiki. Kwa mara ya kwanza maishani Dakta Yunia aliamini asichokiona. Alimshika Vasta mkono akasema, "Usifungue, mama. Mukumbuke vile alikuwa." Wakamzika.

Mwaka 2020 Shafic, aliyekuwa kikosi kimoja na marehemu yule, alikuja kutoa pole. Alisema, "Mama, mwili hatukupata. Mto ulimubeba." Familia ikafukua. Ndani mlikuwa na magunia ya mchanga na sare iliyokunjwa vizuri. Kwetu mwili usipopatikana, tunazika mgomba badala yake, tukijua ni mgomba, na tunalia vilevile. Uongo ule uliwanyima uso wa kuangalia, ukawanyima na mgomba wa kuzika.

Dakta Yunia alipofika, hakuna aliyemtandikia mkeka. Vasta alimwuliza mbele ya watu wote, "Weye ndiye ulisema tusifungue. Sasa mume wangu iko wapi?" Dakta aliondoka pale pale. Alimfuata yule rafiki yake hadi ofisini. Afisa hakukana wala hakuona haya. "Daktari, watu walitulia," alisema. "Si ndiyo kazi yako?" Pale ndipo alipojua kwamba upole wake wote ulikuwa umetumiwa kama kifuniko. Alilia barabara nzima kutoka huko hadi Mubuku, na hasira ile haikumtoka hadi mwisho. Jina la mtu huyo halisomwi hapa. Marehemu alisema asipewe hata mstari mmoja.

Aliacha kazi ile, akakodi chumba karibu na soko la Bwera na kuendelea na wajane wake. Wengine walirudi. Vasta hakurudi.

Mwezi Mei 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Ilipomlaza kitandani, Vasta alifika nyumbani bila kuitwa, amebeba uji. Alisema, "Sikuje kusamehe. Nimekuja kuangalia kama umekula." Akamlisha, akarudi kesho yake, akaendelea kuja. Dakta Yunia alifariki nyumbani, Mubuku, asubuhi ya tarehe 9 Februari 2025.

Ameacha mume wake Yafesi, watoto wake Bright na Docus, mdogo wake Nobert anayesoma wasifu huu, na familia nyingi alizoketi nazo mikekani.

Aliagiza jeneza lake lisifungwe mpaka kila mtu apite na kuangalia, na anayetaka kumgusa amguse. Tafadhali piteni, msione haya. Mtu wa mwisho kupita atakuwa Vasta. Akishatosheka kwamba ni yeye, ndiye atakayefunika.

Alale kwa amani, Dakta wetu.