Mavi ya Ng'ombe Kwenda Murara

Harufu ndiyo iliyomsaliti Uwamariya, taxi-bus hata haijatoka Munigi.

"Mama, umebeba nini mule mufukoni?" akauliza jirani yake, Ramla, aliyevaa koti jeupe la laboratwari.

"Mavi makavu ya ng'ombe. Redio ilisema vumbi ya zizi inakingia mutoto alerji." Mapajani mwake, kifua cha mwanawe wa miaka miwili kilikuwa kikipiga miluzi.

"Redio haikudanganya. Mule muko vipande vya bakteria. Vinafundisha mwili wa mutoto muchanga usitengeneze anticorps, wale askari wa damu, wa kupigana bure na vumbi. Lakini huyu amekwisha kuwa nao, mama. Hiyo vumbi inaweza kumufunga pumuzi."

"Akiwa muchanga tulikimbia volkano. Kisha waasi. Zizi ningelitoa wapi?"

Ramla akainamia kifua cha mtoto, akasikiliza miluzi. Swali hilo laboratwari hailipimi.

"Mupeleke kwa munganga wa hospitali leo," akasema.

"Na haya?"

Dereva akafunga breki Murara. Uwamariya akashuka, mtoto begani, mfuko mkono wa pili, ameunyoosha mbali na mtoto hadi bega linamuuma, lakini hakuutupa.